Kioo Kilichobaki Kitupu

Kitu huwa cha zamani lini? Waulize watu wa kaunti ile, ambayo jina lake limefungiwa ndani ya sanduku la kioo ghorofa ya juu ya makumbusho na kwa hiyo hakuna awezaye kulitamka, nao watakujibu bila kusita. Kitu huwa cha zamani pale mwenyewe anaposimama mbele ya wanachama wa Chama cha Historia, akakishika kwa mikono miwili, akasema mara tatu: kitu hiki sikihitaji tena. Kabla ya hapo, hata kiwe kimeliwa na mchwa, ni cha leo. Baada ya hapo, hata kiwe kilitoka kwa fundi jana na rangi yake inanata vidoleni, ni historia, na kibandiko chake tayari kinaandikwa. Umri hauna kazi hapo. Kazi yote iko kwenye kauli, na kauli hiyo, kama zilivyo kauli nyingi, mtu hasemi mpaka asemeshwe.

Wa kuwasemesha alikuwa Mghoi, katibu wa Chama, mwanamke mwenye sauti laini ambaye hakuna mlango uliowahi kufungwa usoni pake. Alikuwa na njia yake, na aliipenda kama fundi anavyopenda randa yake. Mara ya kwanza, muulize mtu akiwa na chai mdomoni, maana mwenye chai mdomoni hutikisa kichwa kukubali ilimradi ameze. Mara ya pili, msifu mbele za watu mpaka aone aibu kurudi nyuma. Mara ya tatu usiseme lolote. Nyamaza, mtazame, na kimya kile kitamkaba mwenyewe mpaka alitoe neno apate kupumua. Kwa njia hiyo Mghoi alikuwa ameijaza makumbusho ya kaunti chumba baada ya chumba, akapigiwa makofi kila sherehe, akalala usingizi mzuri sana.

Jumba lenyewe lilianza kama nyumba ya kukusanyia kodi. Kisha likawa korokoro, kisha ghala la mahindi ya njaa, na kila lilipobadilishwa kazi walichobadilisha ni kufuli tu. Baadaye likaachiwa popo. Hapo ndipo baba yake Mghoi, Mzee Mwandoe, wakati huo kijana mwenye kifua na maneno, alipokaa kwenye ngazi zake pamoja na wenzake akatangaza kwamba kaunti haina kumbukumbu. Alikuwa anakosea, au anadanganya, na pengine kwa mtu wa aina yake hayo ni mamoja. Watu walikuwa na kumbukumbu tele: mikononi, vinywani, miguuni walipokuwa wakipanda vilima gizani bila taa na wasijikwae. Walichokosa ni mahali ambapo kumbukumbu ingekaa kimya ikaamrishwa. Hapo Mwandoe na wenzake wakaanzisha Chama, wakaitunga ile kauli ya mara tatu, na wakaomba kitu cha kwanza.

Kitu cha kwanza kilikuwa jiwe la kusagia la mama mmoja wa kilimani. Alilitoa kwa furaha. Alipofika nyumbani akaazima jiwe la jirani ili asage unga wa jioni, akasaga, akasaga, na wimbi likabaki punje nzima nzima. Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililomsagia kitu yule mama wala binti zake wala wakaza wanawe. Ndipo kaunti ikaelewa masharti ambayo hakuna aliyeyataja: unachokitoa hukitoi kimoja. Unakitoa chote, na cha mfano wake, na ustadi wake, mpaka tamaa ya kuwa nacho.

Ungedhani wangeacha. Wapi. Watu wa bonde wakalitoa daraja lao la kamba, wakashangiliwa kutwa nzima, na walipokuwa wanarudi kwao wakaufikia mto na kuuvuka maji yakiwa kiunoni, na mzee mmoja hakufika ng'ambo. Watu wa sokoni wakaitoa saa ya mnara, na kuanzia hapo kaunti ikawa na asubuhi inayoweza kuja mara mbili na adhuhuri isiyokuja kabisa, hata watoto wengine wakawatangulia wazazi wao kuzeeka. Na kila Jumamosi, kama ilikuwa Jumamosi, watu haohao walipanga foleni nje ya jumba, wamevaa nguo za heshima, wakisubiri kuingia kulitazama daraja. Walilipenda zaidi likiwa ndani. Walisimama mbele yake na nguo zilizolowa, wakasema, tazama akili za watu wa kale, na watu wa kale walikuwa ni wao.

Nani alikuwa akilitegemeza jumba? Serikali haikuleta hata msumari. Jumba lilitegemezwa na wanachama, na lilikuwa na namna yake ya kudai. Msimu ukipita bila kitu kipya kuingia, ufa ulifunguka ukutani. Kitu kikiingia, ufa ulijifunga bila fundi, na plasta ikarudi laini. Lilikuwa linakula, kwa ufupi, ila katika mikutano neno lililotumika lilikuwa ufadhili. Na hofu ya wanachama ilikuwa moja: jumba likianguka, litaanguka juu ya daraja, na saa, na mawe, na jina la kaunti, na hapo watakuwa hawana vitu nje wala hawana vitu ndani. Kwa hofu hiyo walitoa, na kwa kutoa wakabaki na kidogo zaidi cha kutoa, na hofu ikanenepa.

Ulipofika msimu ambao hakuna nyumba iliyokuwa na chombo cha maana, Mghoi akafanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa. Alikwenda kwa Wakesho, mwanamke mzima aliyekuwa akilea mjukuu yatima, akanywa naye chai, akamsifu mbele ya majirani, kisha akanyamaza. Wakesho akautoa wimbo wake wa kubembelezea mtoto. Aliuimba mbele ya wanachama, akiwa amekinga viganja kana kwamba umekaa humo, na alipomaliza kauli ya tatu wimbo ukamtoka ukaingia kiooni. Ukitega sikio unausikia hadi leo, mdogo sana. Ufa ukajifunga kwa kishindo, wanachama wakasimama kumpigia katibu makofi. Mjukuu wa Wakesho alilia siku zile mpaka akanyamaza, na hakuna aliyekwenda kuuliza amenyamazaje. Mghoi mwenyewe alipita njia ya nyumba ile mara moja tu, akatembea haraka. Mlango ulikuwa wazi kwa vyenye pumzi sasa, na aliyeufungua ni yeye.

*

Ufa uliofuata ulifunguka katika Chumba cha Waasisi. Chumba hicho kilikuwa na kabati moja la kioo, refu kuliko mtu, na ndani yake hamkuwa na kitu. Lilikuwa tupu tangu jumba lianzishwe, na wageni walipouliza waliambiwa maonyesho yanaandaliwa.

Mwenyekiti wa Chama wakati huo alikuwa Mkawasi, mwanamke mwenye mwili na bashasha ambaye Mghoi alimfundisha kazi, kuanzia chai hadi kimya. Alimwita katibu wake wakasimama pamoja mbele ya ufa. Mtu angeweza kuingiza ngumi.

"Dada Mghoi, unaona mwenyewe," alisema Mkawasi. "Safari hii halitaki sufuria."

"Linataka nini?"

"Chumba cha waasisi kinataka mwasisi. Na mwasisi aliyebaki hai ni mmoja."

Mghoi alicheka, kwa sababu alidhani anataniwa. Mkawasi hakucheka.

"Baba yangu ni mtu, Mama Mwenyekiti. Kauli inasema kitu."

"Mbele ya kioo vyote ni vitu. Si ndivyo ulivyomwambia Wakesho alipouliza kama wimbo unahesabika?" Akamshika bega kwa upole. "Mzee hana mke, hana ndugu, hana mwingine. Ni wako. Wewe ndiye wa kusema. Na kule ndani hazeeki, hasikii njaa, hasahauliki. Hebu niambie, nyumbani kwako utampa hayo?"

Mghoi alijua kila neno lilikotoka. Alikuwa ameyatumia yote, katika nyumba za watu wengine. Akaomba apewe nafasi ya kufikiri, akaenda nyumbani akiwa ameamua tayari kwamba hatasema. Kauli hailazimishwi, hiyo ilikuwa sheria, na bila kauli yake hakuna wa kumgusa mzee. Aliishikilia sheria hiyo njia nzima.

*

Alimkuta baba yake juani, ubavuni mwa nyumba, akimsubiri. Mikono ya Mzee Mwandoe ilikuwa imekataa kazi miaka mingi. Ilitetemeka hata ikiwa mapajani. Mghoi ndiye aliyemnywesha uji, aliyemnawisha, aliyemfunga vifungo vya shati kimoja kimoja kuanzia chini kwa sababu mzee alitaka kuanzia chini. Asubuhi ya mkutano ambao angetoa jibu lake, alimkata kucha. Alimkata taratibu, kidole kwa kidole, naye mzee akatazama juu ya kichwa cha binti yake, kule lilikokuwa jumba.

"Wanasema kuna ufa," alisema mzee.

"Upo, Baba."

"Chumbani kwangu."

"Chumba cha waasisi, ndiyo."

"Mkubwa?"

"Wa kuingiza ngumi." Akapuliza vumbi la kucha. "Wanataka nikutoe wewe. Sitasema, Baba. Hata wakininyamazia mwaka mzima, sitasema. Wewe kaa na amani."

Alitazamia mzee amshike kichwa, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Mzee aliuvuta mkono wake kutoka kwenye mikono ya binti yake akautazama, kucha fupi, safi, kana kwamba ameletewa mkono wa mtu mwingine.

"Usiposema litaanguka," alisema. "Jumba langu."

Jambo lile lilimuuma Mghoi, na lilimuuma sana. Lakini alimsamehe kabla maumivu hayajatulia, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, akamvika koti, akamwinua, wakashuka pamoja polepole hadi mkutanoni. Alikuwa amembeba zaidi ya kumshika.

*

Wanachama walikuwa wamejaa ukumbini, kati ya daraja na mawe ya kusagia. Vumbi la plasta lilikuwa likidondoka ndani ya vikombe, wakalinywa pamoja na chai. Mghoi alisimama kabla hajaitwa.

"Mimi niliwasemesha wengi wenu," alisema. "Nanyi mlisema kwa sababu nilijua kuuliza. Leo nimeulizwa mimi. Jibu langu ni kwamba huyu ni baba yangu na ninamhitaji. Ninamhitaji leo, na nitamhitaji kesho, na asiye na la kufanya aje aniulize tena keshokutwa."

Akaketi. Moyo ulimdunda kwa furaha mbaya, furaha ya mtu aliyeushinda mlango alioutengeneza mwenyewe. Hakuna aliyemzomea. Wakesho, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alimtazama tu bila kupepesa.

Mkawasi aliinuka na birika. Hakumwendea Mghoi. Alimwendea mzee, akammiminia chai, akakishika kikombe mwenyewe akamnywesha, kwa subira kubwa.

"Mzee wetu," alisema, "hebu tukumbushe. Katika vyumba vyote hivi, chako ni kipi? Ulitoa nini?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza, na mara moja kila mtu akashangaa kwa nini. Walitazama vibandiko. Majina ya watoaji yalikuwa mengi, ya kila ukoo, ya kila kilima. Jina la Mwandoe lilikuwa mlangoni tu, kwenye bamba la shaba, juu ya neno *aliyeanzisha*. Alikuwa amewaomba wote na hakuwa ametoa hata kijiko.

Mzee alijikuna kidevu. Uso ulimwiva kwa aibu, mtu mzima yule, mbele ya watu aliowaamrisha.

"Sikuwa na kitu," alisema.

"Na sasa?"

Mzee akajitazama. Koti, alinunuliwa na Mghoi. Fimbo, alichongewa na Mghoi. Viatu, Mghoi. Akageuka kulia, akamwona aliyekaa hapo.

"Nina huyu," alisema.

Mghoi alielewa kabla ya wote. Alikiona kikombe mdomoni mwa baba yake na akajua ni mara ya kwanza.

"Una huyo," alisema Mkawasi, akiinua kikombe kidogo ili mzee anywe. "Kitu hiki hukihitaji tena, sivyo?"

Na mzee, chai ikiwa mdomoni, akatikisa kichwa kukubali, akameza, akasema, "Kitu hiki sikihitaji tena."

"Baba," alisema Mghoi. "Baba, ni mimi."

"Tazameni," Mkawasi aliwageukia wanachama, na sauti yake ilikuwa laini kabisa, ilikuwa sauti ya Mghoi mwenyewe. "Huyu ndiye mtu aliyetupa historia. Wengine tulitoa masufuria. Yeye anatoa mtoto wake wa pekee. Kuna mwingine kama yeye katika kaunti hii? Yupo?"

Hayupo, walisema, na baadhi yao walikuwa wakilia kwa kuguswa. Mzee Mwandoe akanyoosha mgongo. Miaka ilimtoka usoni, kifua kikarudi, na kwa nukta chache akawa yule kijana wa kwenye ngazi.

"Kitu hiki sikihitaji tena," alisema, kwa sauti iliyofika nyuma.

Kisha Mkawasi akanyamaza. Wote wakanyamaza. Mghoi alitaka kupiga kelele, akafungua mdomo, na ndipo alipogundua kwamba maneno yake yamekwisha kuanza kuondoka, na kwamba kimya kile hakikuwa na pa kuingilia mtu. Akamwangalia baba yake machoni. Angeona wingu la uzee humo angepata nafuu, angejiambia hajui asemalo. Macho yalikuwa safi. Yalikuwa yanamjua. Yalimpima, yakaupima ufa, yakarudi kwake.

Kauli ya tatu haishiki mpaka kitu kishikwe kwa mikono miwili. Mzee akamshika mkono kwa yake yote miwili, akaisema. Kucha zake, zilizokatwa asubuhi ile, hazikumkwaruza hata kidogo.

*

Ndani.

Hewa ya ndani haina harufu. Nilikuwa na jina, lilianza na midomo kufungwa. Midomo inafunga na hakuna kinachofuata.

Kibandiko kiko upande wa nje. Ninakisoma kinyume. MTOTO WA KIKE. Kilitumika kwa kulisha, kunawisha na kufunga vifungo. Hali yake: nzuri. Mtoaji: Mzee Mwandoe, mwasisi.

Hali yake nzuri.

Kwa hiyo hivi ndivyo daraja linavyojisikia. Linatazamwa na watu waliolowa.

Mbele yangu, chumba cha pili, wimbo unaimba. Haunibembelezi mimi. Haumbembelezi mtu. Amesimama mwanamke mbele yake kila inapofunguliwa milango, ametega sikio, kisha anakuja hapa, ananitazama usoni, hasemi kitu, anaondoka. Ninamjua. Nilikunywa chai kwake.

Nani aliamua kwamba kilichopita kikae kimya? Walioamua ni wale ambao kilichopita kingewasema. Nililijua hilo nikiwa nje. Kwa hilo nililipwa mshahara wa makofi.

Leo ni jana. Kesho pia ni jana.

*

Ufa ulijifunga vizuri, hata mahali ulipokuwa hapaonekani. Mzee Mwandoe alirudishwa nyumbani kwa nyimbo, wakamkalisha juani ubavuni mwa nyumba, kila mtu akaenda zake. Alikaa pale akisubiri uji. Hakujua anamsubiri nani. Kulikuwa na nafasi kichwani mwake yenye umbo la mtu, lakini kila alipoikaribia ilikuwa laini, kama ukuta uliozibwa ufa. Jirani mmoja alimletea bakuli, akaliweka mbele yake, akaenda. Mzee alilitazama mpaka uji ukaota ngozi. Mikono haikujua kufikisha kitu mdomoni, na alipofungua mdomo kumwita jirani arudi, jambo lenyewe la mtu kumnywesha mtu halikumjia akilini, ila kiu na njaa tu.

Milango ya makumbusho ilipofunguliwa tena alikuwa wa kwanza kufika, akijikokota kwa fimbo yake. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia, na shati lake lilikuwa limefungwa upogo, kifungo cha chini kabisa kwenye tundu la kati, tumbo likiwa nje. Mkawasi alimpokea kwa heshima zote akampeleka Chumba cha Waasisi. Mzee akasimama mbele ya kabati refu.

"Hiki kilikuwa cha kazi gani?" aliuliza.

Mkawasi alimsomea kibandiko, maana macho ya mzee hayakuwa ya kusomea. Alipofika kwenye kulisha, mzee alimeza mate.

"Kingenifaa sana kitu kama hiki," alisema.

"Umekitoa wewe, Mzee. Jina lako hili hapa."

"Langu?" Akainama, pua ikagusa kioo, akalitafuta jina kwa kidole mpaka akaliona. Uso ukamfunguka. Alibaki hapo kitambo, njaa ikimtafuna, akilipapasa jina lake.

Mghoi alimwona. Alikiona kile kifungo, na tundu lake lilipaswa kuwa lipi. Kilikuwa karibu sana, upana wa kioo tu. Mkono wake, ambao haukuwa na ruhusa ya kufanya chochote, uliinuka wenyewe taratibu kuelekea shati la baba yake, kuanzia chini, kama alivyopenda, ukagonga kioo.

Mzee akaruka nyuma. Alilitazama kabati, akautazama ule mkono uliobanwa kiooni, vidole vikiwa vimejikunja kama vinavyoshika kitu kidogo. Kisha akamgeukia Mkawasi kwa ukali wa siku zake za zamani.

"Kinatikisika," alisema. "Kifungeni vizuri."